Umeibeba Wewe Mwenyewe?

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nichekeni sasa hivi tumalize, kwa sababu mama aliyeniajiri alinicheka miaka sita mfululizo. Nilikuwa nimetoka chuo na diploma ya kilimo, nimechana nywele, nimekumbatia bahasha ya vyeti, nikaingia katika duka lake la agroveti, la dawa na vifaa vya wakulima, hapa Kakamega mjini nikingoja kuonyeshwa kaunta. Yeye akateremsha pampu ya kunyunyizia dawa, ile ya kubebwa mgongoni, akaijaza maji lita ishirini mpaka yakamwagika kifunikoni, akaniambia nigeuke.

"Nigeuke vipi, mama?"

"Mgongo. Kwani wewe Diploma huna mgongo?"

Nikageuka. Akanivisha ile pampu, akakaza kamba mabegani, akanisukuma kidogo kuona kama nitaanguka. "Sasa enda mpaka Lurambi na urudi. Mtu akikuuliza unaenda wapi, mwambie unaenda kazi."

Haki ya nani, nilienda. Vijana wa bodaboda walinipigia makofi. Mama mmoja wa mboga aliniuliza kama nimeolewa ama ndiyo nafanyishwa majaribio. Nilirudi na viatu mkononi, maji yamepenya mpaka kwenye sketi, mabega yamechorwa mistari miwili myekundu, na moyoni nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Akanikalisha kwenye gunia la mbolea, akanipa chai ya maziwa na mkate, akasubiri nimeze.

"Kamba inauma wapi?"

Nikamwonyesha.

"Basi hapo ndipo utaanzia. Mtu akija kununua pampu, usimwambie imetoka nchi gani. Mwambie itamuuma wapi, halafu mwambie aweke nini hapo. Mimi nawekanga kipande cha godoro."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Nitamwita Mama wa Agroveti, kama watu wote walivyomwita. Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni wengine. Mimi nitawasimulia alivyolamba chumvi ya ng'ombe.

Alikuwa na swali moja tu la biashara: "Umeibeba wewe mwenyewe?" Lilihusu vitu vyote, hata visivyobebeka. Kiatu ulikivaa? Jembe ulililimia? Chakula cha kuku ulikinusa, ukakitia maji, ukaona kinavyogeuka uji? Dawa zenye sumu hakuonja, hakuwa mwendawazimu, lakini alinyunyiza kila moja kwa mkono wake katika kishamba chake nyuma ya nyumba, kule Shieywe, kabla chupa ya kwanza haijapanda kwenye rafu. Ile chumvi ya ng'ombe, jiwe zima, aliilamba mbele ya wateja wanne, akafumba macho, akaguna. "Hii ni kali kuliko ile ya kwanza. Ng'ombe wako atakunywa maji mengi. Uko na maji karibu?" Mzee aliyekuwa anainunua alikuwa hana maji karibu. Alirudi kwake na jiwe dogo, anatingisha kichwa, na sisi wengine tulibaki tumeshika mbavu.

Kuhusu gambuti, sheria yake ilikuwa siku saba kamili, na kwa hesabu yake Jumapili nayo ni siku. Kwa hiyo alizivaa kanisani. Alivaa kitenge kizuri, kilemba kimesimama, na chini gambuti nyeusi mpaka magotini. Alipoinuka kupeleka sadaka, zilianza kulia kwachu, kwachu, kwachu, kutoka benchi la nyuma mpaka mbele, na kwaya ikapoteza sauti ya tatu na haikuipata tena. Jumatatu alirudisha katoni nzima kwa aliyemletea. "Zinakula soksi," alisema, "na zinaimba."

Siku nyingine alikuja kijana wa mauzo, amefunga tai, na mashine mpya ya kupandia mahindi ukiwa umesimama. Alizungumza nusu saa. Mama wa Agroveti alimsikiliza (jambo la ajabu, nitaeleza), kisha akauliza swali lake. Yule kijana akasema kampuni imeifanyia majaribio. "Kampuni haina kiuno. Wewe uko na kiuno. Kuja nyuma." Alipandishwa mbegu mstari mmoja kule uani, udongo wetu ukiwa umeloa mvua ya jana, ule wa kunata. Mashine ilizibwa na matope baada ya hatua tatu. Kijana aliinama kuizibua kwa kidole, tai ikaingia ndani ya mdomo wa mashine. Tulimkata tai kwa mkasi wa kukatia majani. Alicheka yeye mwenyewe mpaka machozi, na baada ya mwezi mmoja alirudi bila tai, na mdomo wa mashine ulikuwa umepanuliwa. Tulinunua kumi.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Mayi wee! Kwanza, huyo mwanamke aliyeuza dawa za ng'ombe alikuwa anaogopa ng'ombe. Hata ndama. Ng'ombe akipita barabarani, alikuwa anakumbuka ghafla kwamba kuna kitu stoo. Lakini tulikuwa tunauza mafuta ya kupaka matiti ya ng'ombe wakati wa kukamua, na sheria ni sheria. Akaenda kwa jirani yake asubuhi. Ng'ombe akageuza kichwa kumtazama tu, kumtazama basi, na Mama wa Agroveti akamwambia "Samahani sana" akakimbia, ndoo akaiacha. Alirudi kesho yake. Na kesho yake. Siku ya kumi alipata maziwa kikombe kimoja, akatembea nayo kutoka Shieywe mpaka dukani, anamwonyesha kila mtu, hata askari wa trafiki. Halafu akatangaza alichojifunza: ukiwa na mikono ya maziwa, kifuniko cha kopo lake hakifunguki hata kwa maombi. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeondoka na mafuta hayo bila kuambiwa akifungue kabla hajakaa chini.

Pili, hakuwa msikilizaji. Mwenye kuelewa watu namna ile ungedhani ana masikio makubwa. Wapi! Ukianza kumweleza jambo, anakumalizia sentensi, na anaimalizia vibaya. Alijua tu kile ambacho mwili wake umekipitia. Maneno yalikuwa yanamgonga na kurudi. Mume wake, mzee mpole aliyependa redio, alimshinda kabisa. "Nimekaa na huyu miaka thelathini na simwelewi," Mama wa Agroveti aliniambia. "Kama ningeweza kumbeba mgongoni mpaka Lurambi na kurudi, labda ningejua anauma wapi." Mume alikuwa amekaa hapo hapo. Aliongeza sauti ya redio.

Mimi nilikuwa na jambo langu, na lazima mlijue. Mama wa Agroveti alikuwa amepanga chumba sokoni Likuyani, kule kwa wakulima wa mahindi, kiwe duka la pili. Likuyani ndiko kwetu. Mama yangu mzazi yuko kule, peke yake. Nililitaka lile duka mpaka nikawa naliota: kaunta yangu, rafu zangu, na jioni natembea kwa mama kula ugali. Rangi ilishapakwa. Jina la Mama wa Agroveti lilishaandikwa juu ya mlango. Kila nikiuliza, alijibu neno moja: "Bado." Miaka mitatu ikapita nikiambiwa bado. Niliuliza kwa upole, nikauliza kwa hasira, siku moja nikauliza nikiwa nimebeba magunia mawili ya chokaa ili aone bidii. "Duka liko tayari," alisema. "Muuzaji ndiye hajaiva."

Niliumia. Nilikuwa najua majina ya dawa zote na wadudu wote, na nikiona jani moja lenye madoa naweza kukuambia ugonjwa kabla hujaliweka kaunta. Kitu gani kilikuwa hakijaiva?

Nikajibiwa na kukhu mmoja wa Lurambi. Kukhu ni bibi, na huyu alikuwa bibi mrefu, mkavu, mwenye kicheko cha kuamsha kuku. Alikuja akitaka kitu cha kumsaidia palizi, maana mgongo umechoka. Nikamletea dawa ya magugu, ile ambayo unanyunyiza mahindi yakiwa yameshaota, inaua majani mapana na mahindi inayaacha. Kwa sababu nimesoma, nikamuuliza lile swali tulilofundishwa: "Kukhu, ndani ya mahindi umepanda maharagwe?" Maana maharagwe nayo yangekufa.

"Hapana, mwanangu. Ni mahindi peke yake."

Nikamuuzia. Nikamwelekeza vipimo vizuri sana, nikamfungia na glavu. Nilijisifu siku nzima.

Wiki tatu baadaye alirudi na kikapu kitupu, akakiweka juu ya kaunta. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Dawa yako ni nzuri," alisema. "Shamba limekuwa safi kama meza. Sasa niambie, nitakulanga nini?"

Sikumwelewa. Nikadhani anataka mbegu. Akanieleza polepole. Kati ya mistari yake ya mahindi huwa panaota mboga za kienyeji, mrenda, saga na mitoo, zenyewe tu, kila mwaka. Hakuzipanda. Ndiyo sababu alisema mahindi peke yake. Anapopalilia, mkono mmoja unang'oa nyasi na mwingine unachuma mboga, na jioni kikapu kinarudi kimejaa. Ndivyo alivyolisha watoto, na sasa wajukuu. Mimi nilikuwa nimeua sufuria yake mpaka mvua nyingine, na chupa yangu iliziita zote magugu.

Niligeuka nikamtazama Mama wa Agroveti nikingoja anipigie kelele. Alikuwa mwepesi wa kelele, ile sauti ilikuwa inafika stendi. Alishika kile kikapu, akakitazama ndani.

"Jumatatu utaenda kwa kukhu," aliniambia. "Utapalilia naye kwa mkono mpaka atakapokuambia inatosha. Na utakula kile shamba litatoa."

Shamba halikutoa kitu ila nyasi mpya! Tulikula obusuma, yaani ugali, na chumvi. Tulikula obusuma na chai. Siku ya pili jirani alituletea saga ya huruma, chungu kweli, na nikaila nikitaka kulia kwa utamu. Kukhu alinicheka nilivyoshika jembe, alinicheka nilivyochuchumaa, akawaita majirani waje wacheke nao. "Huyu ndiye alisomea!" Na walicheka, na mimi nikacheka, maana ukishakaa kwenye matope huna pa kuanguka tena.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, tukasikia mtu anatukana nyasi mstari wa pili. Mama wa Agroveti! Amevaa gauni la kazi, amekuja na jembe lake, hakupiga hodi. Na alikuwa anapalilia vibaya kuliko mimi, alikata mahindi mawili kabla hatujamsalimia.

"Mulembe, kukhu," alisema. "Hiyo dawa niliinyunyiza kwangu kabla ya kuiuza. Lakini kwangu sikulanga mrenda, naona inateleza. Kwa hivyo nilifurahi ikikufa." Akashika kiuno. "Miaka kumi nimeuzia watu. Hakuna mtu alirudi na kikapu. Ni wewe tu."

"Wengine walikuogopa," kukhu alisema. "Uko na mdomo."

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Yeye akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyeshikwa, akaketi papo hapo kwenye mfereji wa maji na gauni lake. Tulibaki kule siku tisa. Tuliporudi alitupa sisi wa dukani kazi ya kumtafutia kukhu mbegu za mboga kutoka kwa akina mama wa soko zima, na mimi nikaacha kuuliza watu wamepanda nini. Niliuliza: "Katika shamba lako unachuma nini?" Mngesikia majibu! Mzee mmoja alichuma uyoga. Mama mmoja alikuwa anatega kumbikumbi. Wengine walikaa saa nzima wakinisimulia, foleni imefika nje.

Miezi miwili baada ya hapo alinirushia funguo, nikazidaka kwa kidevu.

"Likuyani. Mwaka mmoja. Nikiona wewe ni wa kuuza tu, nakuja nafunga. Nikiona ni kitu kingine, tutaongea."

Nilienda nikiimba. Mama yangu alichinja ingokho, jogoo mwenyewe wa kutuamsha, tukala mpaka tukakosa maneno. Lakini kila asubuhi nilipofungua mlango niliona jina la yule mama juu yangu, na nikahesabu miezi. Niliogopa, siwadanganyi. Kila gari lililosimama mbele ya duka nilidhani ni yeye amekuja kufunga. Hakuja mwezi wa pili, hakuja wa sita. Simu alipiga kuniuliza habari za mama yangu tu, halafu anakata mimi nikiwa katikati ya neno.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya soko, nilikuwa nahudumia watu na kichwa kimeinama. Foleni ilikuwa ndefu. Nikauliza, "Anayefuata?" na mkono ukaweka kaunta kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Wakulima wote huleta shida zao hivyo. Nikafungua. Ni hindi bichi, limetobolewa, limejaa unga wa kinyesi, na kiwavi jeshi mnene yuko ndani hana hata wasiwasi.

"Niuzie ile ya chupa kubwa," sauti ilisema. "Ile ya nguvu."

Nikainua macho. Alikuwa amekonda. Amefunga leso kichwani, gambuti miguuni, matope mpaka juu. Alikuwa amepanga foleni nyuma ya watu wanane na hakumwambia mtu yeye ni nani, na jina lake liko juu ya mlango!

"Mama! Umetoka wapi?"

"Huko chini ya barabara. Nimekodi ekari mbili. Tangu mvua ianze."

"Hapa Likuyani? Na hukuniambia?"

"Niuzie dawa, Diploma. Watu wanangoja."

Nilijua ni mtihani. Mwaka wangu umefika, nikasema, sasa ndiyo ananipima. Nikamtazama usoni nikitafuta kile kicheko kinachokaa pembeni mwa mdomo wake. Hakikuwepo.

"Mama, hiki si kitu cha kunijaribu?"

"Kujaribu gani? Mahindi yangu yanakufa."

Nyuma yangu chupa kubwa zilikuwa zimejipanga. Ningemuuzia, angeondoka na matumaini yake ya siku mbili. Lakini mdudu akishaingia ndani ya hindi, dawa inaosha majani tu.

"Sikuuzii," nikasema. "Wameshaingia ndani. Ungenyunyiza mara kumi ungepoteza tu nguvu zako. Umepanda yote siku moja?"

"Kipande cha chini nilichelewa. Kiko magotini."

"Hicho tutakiokoa. Leo."

Na hapo nikafanya kosa, nikamuuliza kile ambacho yeye mwenyewe aliwauliza wateja kwa ile sauti yake miaka yote: mbona hakuja mapema? Duka ni lake, liko hatua mia tano.

Alikunja gazeti lake taratibu.

"Niliona aibu," alisema. "Nilimwona wa kwanza wiki ya tatu. Nikasema, watu watasema nini, mimi na duka, viwavi vinanishinda? Nikasema kesho. Nikasema kesho tena." Akafuta pua kwa leso. "Miaka ishirini nilikuwa nawafokea wateja: Wewe ulikuwa wapi, unaniletea shida ikiwa imeoza! Nilidhani ni uvivu. Kumbe walikuwa nyumbani wakiona aibu, na mimi ndiye walikuwa wananiogopa."

Halafu mzee mmoja nyuma akasema, "Hata mimi yangu ina wiki mbili," akatoa gazeti lake mfukoni. Na mama mwingine akatoa lake. Ikawa kicheko, jamani, kicheko cha duka zima, magazeti yanafunguliwa huku na huku, kila mtu anaonyesha aibu yake, na Mama wa Agroveti anayatazama moja moja, anauliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, anangoja jibu liishe.

Saa sita nilifunga duka. Tulienda kwenye kile kipande cha chini, yeye, mimi na mama yangu, tukaokota viwavi kwa vidole, mmea baada ya mmea, tukitia majivu kwenye moyo wa kila mmea, pale majani yanapochipukia. Kila akimpata mkubwa alimpungia hewani na kumtukana kwa Kiluhya. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Tulipofika mwisho wa mstari alinyoosha mgongo.

"Kesho mwite yule wa kuandika mabango," alisema. "Jina langu litoke pale juu."

"Aandike la nani?" niliuliza.

"La yule alikataa kuniuzia," alisema, akaingia mstari uliofuata.